Chini ya bati kulikuwa na mbao

Ukibahatika kuikuta Ford Model T ya miaka ya 1910 imefunguliwa karakana, usianze na injini. Toa mto wa kiti cha nyuma, bandua kitambaa cha ubavuni, kisha ingiza mkono nyuma ya bati. Utakachogusa si chuma. Ni mbao iliyochongwa ikafuata mkunjo wa gari, imeungwa kwa ulimi na tundu na kukazwa kwa skrubu, na bati lenyewe limepigiliwa juu yake kwa misumari midogo. Aliyewahi kuchungulia jahazi likiwa bado linaundwa atayatambua mara moja: yale ni mataruma, zile mbavu za chombo. Tofauti ni kwamba jahazi huvishwa mbao, na hili limevishwa bati.

Endelea kupapasa. Sakafu unayokanyaga ni mbao. Ukuta unaomtenga dereva na injini, kwa miaka mingi ya Model T, ulikuwa mbao. Sanduku la koili za umeme ni mbao. Matao yanayobeba turubai la juu ni mbao iliyopindwa. Kila gurudumu lina spoki 12, zote za mbao. Hata ndani ya betri za magari ya enzi hizo, bamba moja la risasi lilitengwa na jingine kwa kipande chembamba cha mbao, na mwerezi wa pwani ya Oregon ulipendwa sana kwa kazi hiyo.

Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba Model T moja ilikula karibu futi 100 za mbao kwa kipimo cha Kimarekani, ambapo futi moja ni kipande cha inchi 12 kwa 12 chenye unene wa inchi 1. Kwa lugha ya duka la mbao, mbili kwa nne ya futi 12 ina futi 8 za namna hiyo. Gari moja basi ni mbao kumi na mbili na nusu za mbili kwa nne. Ukisikia hivyo unaona ni kidogo, banda la kuku lenye heshima linaweza kula zaidi. Sasa zidisha. Mwaka 1923 Ford ilitoa magari karibu milioni 2. Hizo ni mbili kwa nne milioni 25 kwa mwaka mmoja, kwa kampuni moja, na hapo hujahesabu mabanzi na unga wa mbao uliobaki chini ya msumeno, wala masanduku ya kusafirishia vipuri.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si kwa nini kulikuwa na mbao ndani ya gari. Swali ni jinsi gari lilivyofika mahali pa kumlazimisha mwenye kiwanda kununua msitu, na kwa nini msitu huo ulianza kukosa kazi karibu mara tu ulipokwisha kununuliwa.

Chesisi ni ya mhunzi, bodi ni ya seremala

Kuna dhana kwamba mbao zilitumika kwa sababu chuma kilikuwa adimu. Sivyo. Chesisi ya Model T ilikuwa chuma, ekseli zilikuwa chuma, na Ford alijivunia wazi feleji yake iliyochanganywa na vanadi, metali ya kuipa chuma nguvu. Wapo waliotumia mbao hata kwenye chesisi, na maarufu zaidi ni Franklin wa Syracuse, New York, aliyeshikilia fremu za mbao hadi mwishoni mwa miaka ya 1920, lakini huyo alikuwa mtu wa njia yake. Kwa walio wengi mgawanyo ulikuwa wazi: kinachobeba uzito na kusukuma ni chuma, kinachobeba watu ni mbao.

Mgawanyo huo haukubuniwa na waunda magari. Waliurithi kwa waunda mikokoteni na magari ya farasi. Mji wa Flint, Michigan, uliota kwenye biashara ya magogo ya msonobari. Magogo yalipoanza kupungua, mafundi, misumeno na mitaji vilihamia kwenye magari ya farasi. William C. Durant, aliyeanza na kiwanda cha magari ya farasi mjini hapo mwaka 1886 na kuanzisha General Motors mwaka 1908, alikuwa mjukuu wa Henry Crapo, tajiri wa mbao aliyekuwa gavana wa Michigan. Kule South Bend, Indiana, ndugu wa familia ya Studebaker walikuwa wakiunda mikokoteni tangu 1852, na walipoingia kwenye magari walikuja na ghala la mbao kavu na maseremala wao.

Fedha nazo zilinuka magome. William H. Murphy, mmoja wa waliompa Henry Ford mtaji wa kampuni yake ya kwanza mwaka 1899, iliyokufa, na ya pili mwaka 1901, ambayo Ford aliiacha nayo ikageuka kuwa Cadillac, alikuwa wa familia ya wafanyabiashara wa mbao. Ndiyo kusema, kabla msitu haujaingia ndani ya bodi ya gari, ulikuwa umeshaingia ndani ya vitabu vya hesabu.

Ford mwenyewe alipitia msituni. Alisimulia kwamba baba yake alimpa ekari 40 za miti kwa sharti aache ufundi wa mitambo. Kijana akakubali kwa shingo upande, akaoa mwaka 1888, akafunga msumeno na injini ya mvuke, akawa anapasua magogo yake na ya majirani. Sehemu ya mbao hizo alijengea nyumba. Mwaka 1891 alihamia Detroit kufanya kazi kwenye kampuni ya umeme. Baba alitaka shamba limtoe mwanawe kwenye mitambo. Msumeno wa mvuke nao ni mtambo.

Kulikuwa pia na sababu ya kiufundi ambayo wasimulizi wengi huiruka. Kulipa bati mkunjo wa mlango au bega la gari kunahitaji presi kubwa na kalibu zake za chuma, na kalibu moja ni mali nyingi. Gharama hiyo inalipa tu ukitoa vipande kwa maelfu mengi. Seremala yeye anahitaji kiolezo, msumeno wa utepe, randa na sanduku la mvuke la kulainishia mbao ili apinde. Ukiunda magari 500 kwa mwaka, seremala ni nafuu. Ukibadilisha umbo mwakani, unabadilisha kiolezo cha ubao mwembamba, hutupi kalibu ya maelfu ya dola.

Mafundi wetu wanalijua jambo hili kwa mikono. Yale magari ya shamba ya Unguja, yenye mabenchi ya kutazamana na paa la mbao, yalipatikana hivyohivyo: chesisi na injini vimekuja na meli, bodi ikapigwa papo hapo na seremala.

Kila mti na kazi yake

Fundi hakuambii "nipe mbao". Anakuambia nipe mninga, nipe mkangazi, nipe mtiki, kwa sababu kila mmoja una tabia yake. Waunda magari ya mwanzo walikuwa hivyohivyo.

Spoki zilitaka hikori, mti wa Amerika Kaskazini ambao mpaka leo ndio unaopendwa kwa mipini ya mashoka na nyundo. Sababu ni ileile. Mpini wa shoka haupaswi kuwa mgumu tu, unapaswa pia kumeza pigo bila kupasuka. Gurudumu la gari kwenye barabara za mashimo hupokea mapigo kama ya shoka, ila kwa maelfu kila safari. Ncha za ndani za spoki zilichongwa kama kabari, zikakutana katikati na kubanana zenyewe kama vipande vya chungwa, kisha vibamba viwili vya chuma vikazishika kwa bolti. Huko nje ziliingia kwenye mviringo wa mbao, na juu ya mviringo huo ikakaa ringi ya chuma yenye tairi.

Ugonjwa wa gurudumu hilo ulikuwa ukame. Mbao hupumua, ikikauka husinyaa, na hususan husinyaa kwa upana wake, si kwa urefu. Kiangazi kikikaza, spoki zililegea na gurudumu likaanza kulia kama kitanda cha kamba. Dawa ya wamiliki wengi ilikuwa kulipeleka gari kwenye kijito na kuyaacha magurudumu yakanywa maji mpaka yabane. Fundi makini alikemea tabia hiyo, maana maji yakitoka spoki husinyaa zaidi ya mwanzo, lakini jirani aliyeona kelele zimekoma hakutaka somo.

Mataruma ya bodi yalitaka eshi au mepo ngumu. Eshi ni mti mwepesi kwa nguvu zake, unapindika vizuri kwenye mvuke na unashika skrubu bila kupasuka. Mepo ni nzito zaidi, lakini ilipatikana kwa wingi kaskazini mwa Michigan, na wingi huo ndio uliompeleka Ford msituni.

Miti isiyoelea

Michigan katika nusu ya pili ya karne ya 19 ilikuwa kati ya majimbo yaliyoongoza Marekani kwa mbao, lakini mbao zenyewe zilikuwa za msonobari mweupe. Msonobari unaelea. Ukiukata majira ya baridi na kuuburuta kwenye theluji mpaka ukingoni, mto utaufikisha kiwandani barafu ikiyeyuka, bure kabisa. Ndiyo maana misitu ya msonobari iliisha haraka kiasi kile: usafiri haukugharimu kitu.

Mepo na wenzake wa mbao ngumu ni wazito. Ukilitupa gogo bichi mtoni, laweza kuzama. Kuutoa mti huo msituni kulihitaji reli, na reli ni pesa. Wakataji wa msonobari wakaupita, wakauacha umesimama. Hivyo hadi mwaka 1920 rasi ya juu ya Michigan, ile nchi ya baridi kali kati ya Ziwa Superior na Ziwa Michigan, ilikuwa bado na eneo kubwa la miti migumu, na reli zilikuwa zimeshafika kwa sababu ya migodi ya chuma na shaba.

Wakati huohuo bei ya mbao ilikuwa imepanda vibaya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa mtu aliyekuwa akishusha bei ya gari lake mwaka baada ya mwaka, kupandishiwa bei na muuza mbao lilikuwa tusi. Ford alikuwa na ugonjwa wa kutaka kumiliki kila kitu kinachoingia kwenye gari lake: migodi ya makaa ya mawe, reli ya Detroit, Toledo na Ironton aliyoinunua mwaka 1920, na baadaye meli za kubebea madini. Msitu ulikuwa zamu tu.

Aliyemfungulia mlango ni Edward G. Kingsford, mume wa binamu yake, aliyekuwa wakala wa magari ya Ford na dalali wa ardhi katika mji wa Iron Mountain. Mwaka 1919 Ford alimwalika kwenye safari yake ya kupiga kambi, zile safari maarufu alizokuwa akizifanya na Thomas Edison na Harvey Firestone wa matairi, na mazungumzo yakaenda kwenye miti. Mwaka uliofuata, Kingsford akiwa mshenga wa biashara, Ford alinunua ekari zipatazo 313,000. Kwa kukadiria, hiyo ni takriban robo tatu ya kisiwa cha Unguja. Kiwanda cha kupasulia mbao na cha vipande vya bodi kikaanza kujengwa, na mwaka 1921 misumeno ikawa inanguruma. Jina Iron Mountain maana yake ni Mlima wa Chuma. Kwa hiyo karakana kubwa ya mbao ya Ford ilisimama kwenye mji uliopewa jina la chuma. Ubavuni mwake kukaota mji mpya, nao ukapewa jina la dalali: Kingsford.

Kisha akaongeza. Mwaka 1923 alinunua Pequaming, ambayo haikuwa kiwanda tu bali mji mzima wa mbao ukingoni mwa Ziwa Superior, nyumba za watu zikiwemo. Katikati ya miaka ya 1930 alijenga kijiji cha Alberta karibu na L'Anse, nyumba 12 na kiwanda kidogo cha mbao, akakipa jina la binti wa msimamizi wake wa huko. Watu wa Alberta walitarajiwa kulima na kupasua mbao kwa zamu. Ford aliipenda sana picha hiyo ya mfanyakazi mwenye mguu mmoja shambani na mwingine kiwandani. Mimi naona ni ekari 40 za baba yake zilizokuwa zikimrudia, safari hii yeye akiwa ndiye mwenye kutoa masharti.

Ubao usiokatwa magome

Ndani ya kiwanda kulikuwa na wazo moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye akili kuliko yote katika mkasa huu.

Kwa desturi gogo hupasuliwa, kila ubao ukanyooshwa pembeni ili uwe na pande nne sawa, ukapangwa ukauke, ukasafirishwa, na huko mbali fundi akauweka mezani na kukata vipande anavyohitaji. Hesabu hasara njiani. Kunyoosha ubao kunatupa mbao nzuri yote iliyokuwa karibu na gome. Tanuri linakausha mbao ambayo nusu yake itakuwa takataka. Reli inabeba takataka hizo mpaka Detroit kwa nauli kamili.

Watu wa Ford waligeuza mpangilio. Gogo lilipasuliwa ubao ukabaki na magome yake pembeni. Ukiwa bado mbichi, fundi aliweka violezo vya vipande vya bodi moja kwa moja juu yake, akivipanga kama mshona nguo anavyopanga vipande vya kanzu kwenye kitambaa, kile kilichopinda kikifuata mpindo wa mti, kidogo kikijibana kwenye kona. Vipande vilikatwa vikubwa kidogo kuliko kipimo, ili vikisinyaa vifike panapotakiwa, kisha ndivyo vilivyoingia tanurini. Kilichopanda treni ni kipande cha gari, si ubao.

Kuna hadithi nyingine inayopendwa sana, kwamba Ford aliwaagiza wauza vipuri wamletee mizigo kwenye masanduku ya mbao za vipimo maalumu, na masanduku hayo yakafunguliwa yakawa sakafu ya Model T. Imenoga mno, na hadithi iliyonoga hivyo huitiwa chumvi. Kuokoa mbao za masanduku na kuzitumia tena, hilo lilifanyika kweli na lilikuwa na idara yake.

Pamoja na akili yote hiyo, mabanzi na unga wa mbao viliendelea kurundikana. Hapo ndipo mkaa ulipoingia. Profesa wa kemia wa Chuo Kikuu cha Oregon, Orin Stafford, alikuwa na njia ya kuchoma taka za mbao mfululizo ndani ya mtambo usioingiza hewa, na kukusanya kila kinachotoka: gesi, lami, asetati, alkoholi ya mbao. Kinachobaki ni mkaa laini, unaochanganywa na wanga na kukandamizwa kuwa vitofali vidogo. Tani moja ya taka ilitoa paundi 610 za mkaa, yaani kama kilo 277. Watu humpa Ford sifa ya kubuni mkaa wa vitofali. Hapana, hataza ya mkaa wa namna hiyo ilikuwa imetolewa Marekani tangu 1897, kwa Ellsworth Zwoyer. Alichofanya Ford ni kuwa na taka nyingi kuliko mtu yeyote, na maduka ya kuziuzia: mkaa ukauzwa kwa mawakala wa magari, baadaye pamoja na jiko dogo la kuchomea nyama safarini. Unanunua gari, na jiko la kukupa sababu ya kutoka nalo.

Ford hakuwa peke yake msituni. Ndugu wa Fisher, watoto wa muunda magari ya farasi wa Norwalk, Ohio, walianzisha Fisher Body mjini Detroit mwaka 1908 na kuwa waunda bodi wa General Motors, ambayo iliwameza kabisa mwaka 1926. Wao walielekea kusini, wakawa na kiwanda cha mbao za bodi mjini Memphis, Tennessee, karibu na misitu ya miti migumu ya bonde la Mississippi.

Kilichoiondoa mbao

Jibu la haraka ni kwamba chuma ni imara zaidi. Ni kweli, lakini si hilo lililoamua. Mbao iliondolewa na rangi, pamoja na upana wa bati.

Chukua rangi kwanza. Gari zuri la mwaka 1920 lilipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, rangi kisha vanishi, na kila tabaka lilingoja kukauka. Kazi nzima ilichukua wiki mbili hadi nne. Kiwanda kinachotoa magari 1,000 kwa siku, kikingoja siku 20, kinahitaji paa la kufunika magari 20,000 yasiyofanya chochote ila kukauka. Dawa ilijulikana: enameli ya kuokwa tanurini, inayokauka kwa saa chache. Lakini ukiingiza bodi yenye mataruma ya mbao kwenye joto hilo, mbao inasinyaa, viungo vinafunguka, gundi inaachia.

Edward G. Budd wa Philadelphia aliliona hilo mapema. Bodi zake zilikuwa chuma kitupu kilichochomelewa, na ndugu wa Dodge walizichukua kwa gari lao la kwanza mwaka 1914. Zingeweza kuingia tanurini bila hofu. Bado ilichukua miaka zaidi ya 20 kwa wengine wote kufuata, na sababu mojawapo ni kwamba kwa magari ya mwaka 1924 General Motors ilileta Oakland lililopakwa Duco, rangi ya kampuni ya kemikali ya DuPont ya kupuliza iliyokauka haraka bila tanuri. Duco huhesabiwa kuwa alama ya usasa. Ukiitazama kwa upande wa seremala, ndiyo iliyomwongezea miaka kumi ya ajira, maana ilimaliza tatizo la kukauka bila kugusa mataruma.

Kisha bati. Mwaka 1919 magari yenye paa gumu na vioo yalikuwa kama asilimia 10 ya yaliyouzwa Marekani. Mwaka 1927 yalifika asilimia 85. Mwanzoni badiliko hilo liliongeza mbao, maana sasa kulikuwa na nguzo za madirisha na paa la kubeba. Na paa lilikuwa tatizo la kweli: viwanda vya chuma havikuweza kutoa bati pana la kulifunika gari kwa kipande kimoja. Ndiyo maana ukiangalia gari la miaka ya 1920 kwa juu, katikati ya paa utaona kitambaa cha kuzuia maji, kimetandikwa juu ya fito za mbao. Lilivuja, lilizeeka, na kila baada ya muda lilitaka kufanywa upya. Ilibidi kwanza ije mitambo mipya ya kusukuma chuma kiwe bati pana mfululizo. Kwa magari ya mwaka 1935 General Motors ilitangaza paa la chuma la kipande kimoja kwa mbwembwe kama zile za kuzindua meli, na ndani ya miaka miwili bodi zake zikawa chuma tupu.

Kati ya mbao na chuma kulikuwa na jaribio moja zuri ambalo limesahaulika. Charles Weymann, mjini Paris, alitambua kwamba gari la mbao linalia kwa sababu mbao inasugua mbao kwenye kila kiungo. Akatenganisha vipande kwa vibamba vya chuma ili mbao zisigusane kabisa, kisha akavisha mataruma hayo kitambaa badala ya bati. Bodi ikawa nyepesi, kimya, na yenye kunyumbulika na barabara. Ilipendwa sana Ulaya katika miaka ya 1920, ikapitwa na mng'aro wa rangi mpya za chuma.

Baada ya msitu

Model T ilikoma Mei 1927. Mrithi wake, Model A, alikuwa na magurudumu ya chuma ya spoki za waya, na mbao kidogo zaidi bodini. Ford alikuwa na msitu wa miaka saba tu mkononi, na gari ambalo msitu huo ulinunuliwa kwa ajili yake lilikuwa limeondoka. Mwaka huohuo, bila kuonyesha dalili ya kujifunza, alikuwa akipata msitu mwingine mkubwa zaidi kando ya mto Tapajós nchini Brazili, safari hii kwa ajili ya mpira. Huo ulirudishwa kwa serikali ya Brazili mwaka 1945.

Iron Mountain ilijitafutia kazi. Tangu 1929 Ford aliuza stesheni wagoni, magari marefu ya kubebea watu na mizigo, zenye ubavu wa mbao wazi, mepo na birchi zilizong'arishwa, na karakana ile ikawa mahali pake. Mbao iliyokuwa imefichwa chini ya bati miaka yote sasa ilitolewa nje ionekane, na mnunuzi akatakiwa kuipiga msasa na vanishi mara kwa mara, kama mwenye mashua. Vita vya Pili vilipofika, mikono ileile iliunda ndege 4,190 zisizo na injini, aina ya CG-4A, zenye mabawa ya mbao, za kushushia askari nyuma ya adui. Baada ya vita zikarudi stesheni wagoni, lakini zilikuwa ghali na zinaoza. Buick ya mwaka 1953 ndiyo ya mwisho ya Kimarekani kutoka kiwandani na mbao za kweli za bodi. Zilizofuata zilibandikwa picha ya mbao.

Mahali ambapo eshi bado inachongwa kwa ajili ya gari jipya ni Malvern, Uingereza, kwa Morgan, wanaounda magari tangu 1909. Watu hupenda kusema kwamba Morgan lina chesisi ya mbao. Halina. Kwa miaka mingi chesisi yake ilikuwa ya chuma, siku hizi ni ya alumini, na juu yake mataruma ya eshi, na juu ya mataruma bati.

Alberta ilikabidhiwa kwa chuo cha Michigan kinachojulikana leo kama Michigan Tech mwaka 1954, na wanafunzi wa misitu wakajifunzia huko. Karakana ya Iron Mountain ilifungwa mwaka 1951. Mtambo wa taka za mbao ulinunuliwa na wafanyabiashara wa palepale mjini, jina la Ford likatoka kwenye mfuko wa mkaa, likaingia la yule dalali. Mkaa wa Kingsford unauzwa Marekani mpaka leo.